Bustani Nyuma ya Kabati la Baba

Chumbani kwa baba,
4 Februari

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama kile kikohozi cha mwaka jana bado kipo, basi angalau kimepunguza kiburi. Mimi sijambo, ila kiuno kinalalamika kwa sababu ya godoro la marehemu. Simu yako haipatikani, na najua hata ingepatikana usingepokea, kwa hiyo naandika kama tulivyozoea na barua nampa dereva wa lori la kokoto.

Tumemzika baba. Dereva aliniambia alikukabidhi taarifa mkononi, ukaikunja ukaitia mfukoni. Sikulaumu. Mazishi yalikuwa mafupi lakini watu walijaa mpaka nikashangaa. Fundi viatu asiyeongea na mtu, mzee ambaye akikujibu salamu unakwenda kuwasimulia wenzako! Nilitegemea tutakuwa mimi na wabeba jeneza basi. Kumbe mtaa mzima ulikuja, na wanawake walilia kilio cha kweli, si kile cha kuazima. Sikuelewa. Sasa nimeelewa, na ndiyo sababu ya barua hii. Kaa vizuri.

Niliomba ruhusa kiwandani nije kufungasha vitu vyake. Chumba unakikumbuka: cha mwisho, chini kabisa, mwisho wa ile korido isiyojua jua. Kitanda, meza ya kazi, kabati la nguo, na viatu vya watu ukutani vikisubiri soli. Nikalala humo. Alfajiri nasikia mlango wa mbele unafunguliwa. Anaingia mwanamke mnene, ndoo mkononi, hata hanitazami. Akasema, "Napita." Akakatisha mbele ya kitanda, akalisukuma kabati kwa kiuno, akatokomea ukutani.

Nilipiga kelele, kaka. Mapafu ya ukoo wetu unayajua. Yule mwanamke akachungulia kutoka nyuma ya kabati akasema, "Jamani, pole! Nilidhani wameshakuambia. Mimi Mama Pacha." Kana kwamba hilo lilitosha.

Kabati lina magurudumu kwa chini. Nyuma yake baba alitoboa ukuta akaweka mlango. Na nyuma ya mlango kuna bustani. Usicheke. Ni ule uwanja ulio katikati ya majengo manne, ambao wenye majengo waliuziba pande zote zamani, mimi na wewe tukadhani ni shimo la taka. Juu huko kuna vidirisha vya majiko tu. Huku chini kuna mchicha, karoti, nyanya, maboga yamepanda kwenye mabomba. Wamepanda kwenye matairi, kwenye masinki yaliyopasuka, kwenye mifuko ya saruji. Na kando ya ukuta kuna viatu, mabuti na vya shule, vile ambavyo wenyewe hawakurudi kuvichukua. Kila kiatu kina kitunguu chake.

Watu wanapita chumbani kwa baba tangu alfajiri mpaka jua linapozama. Njia nyingine hakuna. Kila anayeingia husema "Napita," na baba, hata kama ameinamia kiatu, alikuwa anajibu "Pita." Basi. Ndiyo mazungumzo yote. Hakuna anayeuza. Anayehitaji anachuma, mwenye nafasi anamwagilia kwa bomba la chumbani.

Miaka yote hii kila Jumapili giza likiingia nilimletea mkate, akaniambia mboga kapewa na mteja. Nami nikaamini! Nijibu upesi, maana sijui nicheke au nilie.

Mdogo wako,
Cherehani


Kambini, machimboni,
21 Februari

Cherehani,

Marahaba. Mimi mzima kiasi. Kikohozi kipo, kimekuwa mpangaji asiyelipa. Naona mdomo wako bado unashona bila kukata uzi. Jina nililokupa ukiwa mdogo halijakosea hata siku moja.

Nimeisoma barua yako mara mbili, maana mara ya kwanza nilidhani umeandika habari za baba wa mtu mwingine.

Sasa ngoja nikukumbushe wetu. Nilikataa kukaa kwenye kiti chake nikashone viatu. Hilo tu. Sikuiba, sikumtukana, sikumpa mimba binti wa mtu. Nikaja huku kupasua mawe, na msimu ulipokwisha nikarudi na begi langu na zawadi yake. Mchana kweupe. Nilisimama kwenye mlango huohuo anaoingilia Mama Pacha na ndoo yake. Nikabisha mpaka vifundo vya vidole vikachubuka. Alikuwa ndani, nilikuwa naisikia nyundo yake ikigonga soli. Unajua kilichonimaliza? Hakuacha kugonga. Mtu akitaka kukusikiliza, hata kama amekasirika, nyundo husimama. Yake haikusimama. Mtaa mzima ulinitazama, na nina hakika baadhi yao ndio hao wanaochuma nyanya.

Wewe ulikuwa kwa shangazi, hukuona.

Kwa hiyo nifurahi? Kwamba mwanawe alibisha akanyimwa, na jirani hata habishi? Mpe pole Mama Pacha kwa kumshtua. Mimi sina la kusema.

Fungasha vitu, funga chumba, rudi kwako.

Kaka yako


Chumbani kwa baba,
12 Machi

Kaka yangu,

Shikamoo. Unaendeleaje na huyo mpangaji wa kifuani? Umemwonyesha daktari, au unamwonyesha sigara? Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Barua yako imeniuma. Nilikuwa kwa shangazi, kweli, lakini nilisikia. Na nakumbuka ulivyokuja kwa shangazi jioni ile ukaniambia baba amesafiri, ili nisilie. Sijasahau. Baada ya mama kufa ni wewe uliyenisuka nywele, vibaya kuliko mtu yeyote duniani, lakini ulinisuka.

Sikufungasha. Nimehamia. Usikunje uso, kutoka hapa kiwandani ni mwendo wa miguu, na kule nilikokuwa nimepanga paa lilikuwa linanionea. Nimejifunza kujibu. Asubuhi nachana nywele nasikia "Napita," nasema "Pita." Mwanzoni niliona aibu, kama mtu aliyevaa koti la marehemu. Sasa asiposikika mtu nachungulia koridoni nione kuna nini.

Nikuambie habari za Mzee Pampu. Alikuwa mwashi, magoti yakamwangusha. Jina amelipata kwa kuunganisha ule mpira wa maji kutoka bomba la chumbani mpaka mwisho wa bustani. Mke wake alikufa, watoto wako mbali, na anakula anachokipanda, si kwa mapenzi ya mboga bali kwa sababu hakuna kingine. Mama Pacha naye mume alitoka kununua betri ya redio hajarudi hadi leo. Anasema, "Itakuwa betri nzuri sana hiyo." Wale pacha wake wawili wamekua kwa maboga ya uwanja huu. Yupo na muuguzi wa zamu, anapita akitoka kazini na viatu mkononi, anakaa dakika chache kwenye tairi bila kuongea, anaondoka.

Mzee Pampu ndiye aliyemsaidia baba kutoboa ukuta. Nikamuuliza ilikuwa lini. Akasema mwaka uliofuata baada ya wewe kuondoka. Nikamuuliza kwa nini. Akasema baba hakutoa sababu, alisema tu, "Nitobolee hapa."

Kaka, mimi nafikiri alijuta. Nafikiri hakujua jinsi ya kukuita, akafungua anapoweza. Wewe waonaje?

Mdogo wako,
Cherehani


Kambini,
3 Aprili

Cherehani,

Marahaba. Mimi naonaje? Naona usinipambie marehemu. Mtu akitaka kumwita mwanawe anamwita. Dereva wa lori yupo kila mara, na kalamu hata fundi viatu anayo. Alitaka hewa, akatoboa ukuta. Watu wakapita, hakuwa na nguvu za kuwafukuza. Ndiyo hadithi yote.

Sasa nisikilize, maana hii si barua ya utani.

Daktari wa kampuni amenipiga picha ya kifua. Vumbi la mawe limejaa, anasema mapafu yamekuwa magumu na hayatalainika tena. Hakuna dawa ya kuliondoa. Kazi nimeachishwa. Nimekaa kwenye kitanda cha kambini nasikia mashine zinasaga, na wenzangu wanavua buti nje ili wasiniletee vumbi, wanatembea kwa vidole mbele yangu kama mimi maiti.

Nataka kuja nyumbani. Sina kwingine. Chumba cha baba kwa haki ni changu, na hata kama si haki, wewe huwezi kunikatalia. Nitakuja mvua zikipungua.

Ninaomba jambo moja. Huo mlango wa nyuma uuzibe. Si kufunga kwa ufunguo, kuziba kwa matofali. Daktari amesema unyevu utanimaliza na vumbi la udongo litanimaliza upesi zaidi, na wewe unaniambia watu wanapita na ndoo na matope kando ya kitanda mchana kutwa. Na hata yasingekuwapo matope, sitaki watu. Wewe hujaniona ninavyokohoa. Nakohoa mpaka najichafua. Sitaki Mama Pacha anipite nikiwa katika hali hiyo halafu aseme "Napita," na mimi nitegemewe kujibu.

Sijawahi kukuomba kitu tangu uzaliwe. Nakuomba hiki. Niandikie ukishamaliza, kabla sijaanza safari.

Kaka yako


Chumbani,
26 Aprili

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Sikuulizi hali, naijua, na tangu niijue chakula hakina ladha mdomoni. Pole. Pole sana, kaka yangu. Neno hili ni dogo lakini sina jingine.

Nilikaa na barua yako siku nyingi. Naomba nikuambie ukweli: nilitaka kukataa. Nilikuandikia barua nzima ya kukataa. Nikasema tutaweka pazia, tutawapangia saa, watavua viatu, Mama Pacha atafundishwa kunong'ona, jambo ambalo lingekuwa muujiza. Kisha nikakufikiria umelala huko, watu wanatembea kwa vidole mbele yako. Nikaichana.

Niliwaita watu wa bustani Jumapili. Nikasimama katikati ya matairi nikasema kaka yangu anaumwa, anakuja, mlango unazibwa. Nilijiandaa kugombana, na ugomvi mimi naujua. Hakuna aliyegombana. Muuguzi aliuliza ni ugonjwa gani, nikamwambia, akatikisa kichwa akasema, "Basi anahitaji utulivu." Mmoja aliuliza kama wenye majengo wanaweza kufungua upande wao, wengine wakacheka, maana walishaombwa wakasema uwanja huo haupo kwenye ramani zao. Mama Pacha alichuma maboga mawili, akayabeba moja kila upande kama anavyobeba watoto, akapita bila hata kusema anapita.

Wiki nzima walihamisha walichoweza. Lakini wanahamishia wapi? Dirisha la chumba kimoja linabeba mikebe miwili. Nyanya zilikuwa zimeanza kutoa maua, zikiguswa mizizi zinanuna. Viatu vya vitunguu waligawana. Mengine yote yamebaki.

Nilikwenda kutafuta fundi. Nikarudi nikamkuta Mzee Pampu amekaa kwenye kiti cha baba na mwiko wake wa zamani. Nikamwambia, "Mzee, si wewe, tafadhali. Nimepata fundi mwingine." Akaniambia, "Mwanangu, tundu nililitoboa mimi. Akija mtu mwingine ataharibu ukuta." Alijenga amepiga magoti yake mabovu, tofali kwa tofali, na mimi nikimpa udongo. Alipofika juu kabisa, palipobaki nafasi ya tofali moja, alichungulia upande wa pili, kisha akaweka tofali.

Nimepaka chokaa. Nimesugua sakafu mpaka imebadilika rangi. Kitanda nimekisogeza mbali na ukuta ule kwa sababu ya unyevu. Mlango umezibwa, kaka. Ulivyotaka.

Njoo.

Mdogo wako,
Cherehani


Kambini,
15 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Huu si mwandiko wangu, anaandika mpishi wa kambi. Anasema anakusalimia, ila hanisomei anachoandika, kwa hiyo chunga, huenda ananisengenya humu ndani. Mkono unatetemeka nikikaa kitako muda mrefu, basi.

Nimepata barua yako. Asante. Umefanya kama nilivyoomba na nimelala usingizi mzuri, wa kwanza tangu mvua zianze.

Safari bado. Kuna karatasi za kampuni, na barabara nayo mbovu. Usije kunifuata. Nakwambia usije, njia hii haifai na kiwandani watakufukuza. Wiki ijayo au ile nyingine nitapanda na dereva.

Kukoje sasa? Kumetulia? Na upande wa pili unaweza kuona chochote?

Kaka yako


Chumbani,
2 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo, na msalimie mpishi, mwambie mwandiko wake ni mzuri kuliko wako mara kumi. Mimi sijambo.

Umeuliza kama kumetulia. Kumetulia, ndiyo. Kimya kimekuwa kikubwa mpaka naisikia saa ya jirani. Watu wa mtaani wananisalimia vizuri tu. "Habari za asubuhi, mgonjwa hajafika?" Hawajui wanavyonichoma. Wangenitukana ningepumua.

Upande wa pili unaonekana kutoka kwenye ngazi za ghorofa ya tatu, kuna kidirisha. Nilipanda. Mvua imenyesha mfululizo, na bustani imekua kwa wazimu. Nilidhani itakauka, nilijiandaa kwa kukauka. Kumbe imebeba, kaka. Nyanya nyekundu tele, zimelala chini zinaoza. Mchicha umeota mrefu umetoa mbegu. Boga moja limepasuka lenyewe. Mama Pacha alikuwa amesimama kwenye kidirisha hichohicho kabla yangu. Alinipisha. Juzi nilimwona dukani ananunua kabeji nusu, akamwuliza muuza duka kama anaweza kukata nusu ile iwe nusu tena.

Na watu wa majiko ya juu wameanza kutupa taka. Zamani mtu akimwaga ganda la ndizi tu, Mama Pacha alikuwa anapaza sauti mpaka ghorofa ya mwisho wanafunga madirisha. Sasa hakuna wa kupaza. Nimeona makopo, mifupa, godoro la mtoto.

Sikuambii haya ili ujilaumu. Wewe ni mgonjwa na chumba kinakusubiri. Nimekushonea shuka kwa vipande vya sare kiwandani, msimamizi alifumba jicho. Mto nimekununulia mpya. Muuguzi amesema atakuja kukuona ukifika, na amenifundisha jinsi ya kukukalisha usiku kifua kikibana. Njoo tu. Ukishakuja haya yote yatakuwa na maana.

Mdogo wako,
Cherehani


Chumbani,
30 Juni

Kaka,

Shikamoo. Hali yako?

Dereva amekuja mikono mitupu. Anasema mto ulikata barabara hakufika kambini. Nampa hii hivyo hivyo.

Niambie tarehe. Au mwambie mpishi aniandikie neno moja. Nimeshaomba ruhusa kiwandani mara mbili na mara zote nimekaa hapa nikitazama mlango wa mbele. Nimeuacha wazi, sijaufunga tangu mwezi wa tano, ili ukifika usibishe.

Mdogo wako


Kambini,
6 Julai

Mdogo wangu Cherehani,

Marahaba. Marahaba kwa zote, hata zile ambazo sikuzijibu. Hii naandika kwa mkono wangu, kidogo kidogo, kwa hiyo vumilia mistari inayoteremka. Mpishi nimemwambia hapana, kwa sababu nina jambo ambalo si la mpishi.

Sikuwa na safari. Daktari aliniambia mwezi wa tatu, siku ileile ya picha ya kifua, kwamba safari ya lori siiwezi na gari la wagonjwa haliji huku. Nilijua hivyo nilipokuandikia uzibe mlango. Karatasi za kampuni hazikuwapo. Barabara wakati ule ilikuwa nzima.

Nitakuambia kwa nini, na usitafute sababu nzuri zaidi. Nilikuwa nimelala hapa nawaza wale watu wanaingia wanasema neno moja na wanapokelewa. Kila siku, kwa miaka. Nikaona moto kifuani ambao si wa vumbi. Nilitaka mara moja tu katika maisha yangu mlango wa chumba kile ufungwe kwa neno langu. Nilitaka na wao wasimame nje. Baba alikuwa amekwisha kufa, sikuwa na wa kumfungia, nikawafungia wao. Na mkono nilioutumia ni wako.

Ulipoandika kwamba mlango umezibwa nililala vizuri, sikukudanganya. Usiku mmoja. Kisha nikaanza kumwona yule mzee amepiga magoti. Nilikuuliza kama unaona upande wa pili, nikitumaini utasema wamepata njia nyingine. Ukanijibu habari za nyanya. Barua ile nimeilalia mpaka imepasuka.

Bomoa. Mwambie Mzee Pampu ni amri yangu, au ombi, vyovyote atakavyosikia vizuri.

Na wewe usinisamehe haraka. Una tabia hiyo, inaudhi. Funga huo mlango wa mbele ulale, huwezi kulala mlango wazi, mwanamke peke yako.

Shuka ni la rangi gani? Hukuniambia.

Kaka yako


Chumbani,
19 Julai

Kaka yangu,

Shikamoo. Habari za huko?

Dereva alileta barua yako pamoja na begi lako. Nilimwuliza kwa nini begi limetangulia na mwenyewe yuko nyuma. Akavua kofia, akasema, "Pole, dada." Nikamwambia sikumwuliza kuhusu pole, nimemwuliza kuhusu begi. Amekaa koridoni mpaka nikamaliza kulia, lori lake limeziba barabara, watu wanapiga honi, hakuondoka. Ni mtu mwema. Anasema walikuzika kambini, wachimbaji wote walisimamisha mashine.

Barua yako niliisoma baadaye. Nilikuwa nimekaa chini, mgongo kwenye ukuta ule.

Nimebomoa, lakini si kwa amri yako wala kwa ombi lako. Nilibomoa kwa nyundo ya baba kwa sababu mikono yangu ilitaka kuvunja kitu na wewe hukuwapo. Mzee Pampu alisikia akaja, akanizuia nilipotaka kuanzia chini, akanionyesha tofali la kuanzia. Hakuuliza kitu, nami sikumwambia. Sijamwambia mtu yeyote. Wanadhani kaka yangu alikuwa njiani anakuja akazidiwa. Siwezi kuwaambia vinginevyo, na sitaki kuishi bila kuwaambia, na huu ndio urithi ulioniachia.

Nyuma ya ukuta ni taka mpaka magotini. Maji ya majiko ya juu yametiririka humo, udongo unanuka. Mama Pacha alikuja, akatazama, akasema, "Haya," akarudi kwake. Wengine hawajaja. Wamepanga maisha yao upya bila sisi, na mtu akishajifunza kununua nusu ya nusu ya kabeji harudi upesi kuamini mlango wa mtu. Muuguzi amehamia mtaa mwingine. Mimi naingia alfajiri kabla ya kiwanda na koleo la kuazima, nazoa ndoo chache, natoka. Sijui namzolea nani.

Nimekasirika, kaka. Nimekasirika mpaka uzi unakatika kwenye mashine. Unaniambia nisikusamehe haraka, kana kwamba nilikuwa nimekaa nimejiandaa kukusamehe. Umesema neno la mwisho, ukaondoka, ukaniacha upande huu wa mlango nabisha. Unajua nani mwingine alikuwa na tabia hiyo. Ulimchukia maisha yako yote, na ukafa ukiwa yeye.

Nilikuwa tayari kukukalisha kifua kikibana. Nilifundishwa. Mikono yangu inajua namna ya kufanya na haina wa kumfanyia.

Dereva amekataa kuichukua barua hii. Nimemsihi, amesema, "Dada, nitampa nani?" Nikamwambia ampe mpishi, akaisome juu ya kaburi kwa sauti, mpaka mwisho, asiruke mahali nilipokutukana. Amesema atafikiri.

Ni la bluu, kaka. Bluu na kijivu.

Mdogo wako,
Cherehani